Mama Cheko Wawili

Kompyuta ya Kitinda ilikuwa na tabia ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Ukiifunua, kioo kiliwaka mara moja, picha ikajaa, kishale kikatembea. Macho wazi, akili bado kitandani. Kule chini pembeni, penye alama ya mtandao, kiduara kilianza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na muda wote huo mtu asiyeona alikuwa mahali fulani na simu mkononi, anasubiri kuazimwa macho.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kuazima watu macho. Shirika dogo liitwalo Jicho la Jirani lilihudumia watu wasioona. Mmoja akitaka kujua chupa ipi ni ya dawa ya kikohozi na ipi ni ya kuua mende, alipiga, akaelekeza kamera ya simu yake, na Kitinda, mezani kwake nyumbani, akatazama na kumwambia. Shule yake Kitinda iliishia ya msingi, lakini waliomchukua walisema hawatafuti vyeti, wanatafuta mtu anayejua kutazama na asiye na pupa. Kutazama alijua. Aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba wa mama yake, na mtoto wa mwisho hujifunza kutazama mapema kwa sababu hakuna anayekumbuka kumuuliza neno.

Kompyuta ilikuwa kuukuu. Ukiiacha macho kutwa, tumbo lake lilichemka ikajizima yenyewe katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo kati ya mpigaji mmoja na mwingine Kitinda aliifunika, ikalala. Simu yake ndogo ya vitufe ndiyo iliyomshtua: ikilia kengele, kuna mtu anasubiri, funua, pokea. Zamu ya mchana alikuwa peke yake. Asipopokea yeye, hapokei mtu, simu inalia mpaka inachoka.

Na siku hizi zilikuwa zinachoka mno.

"Mdogo wangu," msimamizi wa zamu alimwambia kwa simu siku ya Jumatatu. Alikuwa mwanamke wa sauti ya upole, ila upole usiopitia njia ndefu. "Wanaokupata wanakusifu mpaka naona wivu. Lakini wengi wanapiga wanakukosa. Sasa sifa hazipokei simu."

"Ni kompyuta, dada. Inaamka bila mtandao. Mpaka mtandao ushike, mtu keshakata."

"Nakuamini. Ila mpigaji habari za kompyuta hazijui. Yeye kaomba macho, kapewa mlio. Ijumaa jioni tunakaa kikao cha nyinyi mlio kwenye majaribio. Kabla ya hapo itengeneze, iombee, itishie, utakavyo. Ikiendelea hivi, sitakuwa na neno la kukutetea."

Kitinda alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Alikuwa ameosha vyombo vya watu, ameuza vocha, amekaa mapokezi kwenye saluni ya kaka yake. Kote huko utulivu wake uliitwa uzito. "Huyu msichana mzito," walisema. Hapa tu ndipo alipoambiwa kuwa ni ujuzi. Mtu akishaonja hilo, kurudishwa kwenye uzito ni adhabu.

Mchana uleule kengele ikalia, kiduara kikazunguka, na kwa bahati mpigaji alikuwa mvumilivu. Alikuwa Mama Nyuzi, fundi wa kufuma masweta ya shule, mtu wa maneno.

"Leo umepatikana!" alisema. "Juzi nimekupigia, nikakupigia, nikaona basi, nijitegemee. Nikashika uzi nikafuma. Hebu nitazamie, na usinionee haya. Mikono ya sweta hii imefanana?"

Kitinda alitazama. Mkono mmoja ulikuwa wa bluu ya sare. Wa pili ulikuwa mweusi tititi.

"Haijafanana, mama. Wa kulia bluu, wa kushoto mweusi."

Kicheko kikapasuka. "Basi mtoto wa watu angeingia darasani mkono mmoja serikali, mkono mmoja upinzani!"

Kitinda naye akacheka. Lakini alipoifunika kompyuta kicheko hakikubaki. Mkono mzima wa sweta ni kazi ya vidole vya mtu, na hakuna fundi anayependa kufumua.

Akaanza kuitibu kompyuta kama mtoto mchanga asiyejua kusema pa kumuuma. Akaizima akaiwasha upya. Akaiambia iusahau mtandao, kisha akaifundisha upya, herufi kwa herufi. Akahamisha meza dirishani, akairudisha ukutani. Kuunganisha kwa waya hakukuwezekana, maana tundu la waya lilikuwa limevunjika tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Kila jaribio lilipokwisha aliifunika, akasubiri ilale fofofo, akaifunua. Kiduara.

Kesho yake asubuhi akaipeleka kwa Fundi Kioo. Huyu alikuwa msichana wa rika lake, kibanda chake kimejaa vioo vya simu vilivyopasuka, na jina akalipata humo.

"Mficha uchi hazai," Fundi Kioo alisema akiipokea. "Nieleze yote. Uliimwagia chai?"

"Sikuimwagia."

"Uliikalia?"

"Sikuikalia."

"Basi wewe ni mtu wa kwanza mwaminifu kuingia hapa, au ni mwongo aliyebobea." Akaipekua kwa vidole vyepesi. "Haya, njoo uone. Mashine ikilala, inakizima na kile kidude cha kukamata mtandao, ili kubana chaji. Ikiamka, inaanza kukitafuta kama mtu anayetafuta viatu gizani. Naiambia isikizime." Akabonyeza, akaifunika, wakapiga soga kidogo, akaifunua. Mtandao wa kibandani ukashika kabla hajamaliza kupepesa. "Umeona? Nenda na amani."

Kitinda alirudi akitembea haraka kuliko kawaida yake. Akaiweka mezani, akaifunika, akaifunua.

Kiduara.

Akaketi akaitazama bila hasira. Kibandani mzima, nyumbani mgonjwa, alijisemea. Kama mtoto anayeumwa tumbo siku za shule tu. Basi ugonjwa haumo tumboni. Umo shuleni.

Sasa hapa lazima nyumba yenyewe ielezwe. Ilikuwa ndefu kama behewa, ya marehemu mama yao. Mbele alikaa Kaka Mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, na mkewe, Mama Pacha, na pacha wao wawili. Nyuma, kwenye mlango wake wa uani, alikaa kaka wa pili, ambaye hata ndugu zake walimwita Kinyozi. Katikati, katika chumba cha mama, alikaa Kitinda. Na alikaa katikati kwelikweli, kwa sababu hao wakubwa zake wawili hawakuwa wanasemezana.

"Mwambie ndugu yako bomba la uani linavuja," Kaka Mkubwa alisema.

"Mwambie kaka yako nina masikio," Kinyozi alijibu, akiwa amesimama palepale.

Ugomvi ulikuwa wa kitanda. Mama alipougua, jirani mmoja wa ng'ambo ya njia alikuwa akija kusaidiana na Kinyozi kumgeuza na kumwosha, kisha anarudi kwake kulala kwenye mkeka. Msiba ulipokwisha, Kinyozi alimpa kile kitanda cha mama. Kaka Mkubwa alirudi kutoka kazini akafungua mlango, akakuta sakafu tupu na alama nne za miguu ya kitanda. Tangu siku hiyo kila mmoja aliamini kuwa yeye ndiye aliyempenda mama, na mwenzake alikuwa akipita tu.

Hata mtandao uligawanywa. Enzi za mama kulikuwa na ruta moja, nao watoto waliipa jina lake la mtaani, Mama Cheko, kwa kuwa kicheko chake kilifika mahali kabla yake. Baada ya ugomvi ruta ile ilibaki kwa Kinyozi, na Kinyozi akabadilisha neno la siri. Kitinda alipewa lile jipya. Kaka yake hakupewa. Kaka Mkubwa naye hakuomba. Aliagiza ruta yake mpya, akaifunga sebuleni. Kitinda alijua kuwa ipo, lakini hakuwahi kuuliza zaidi. Mambo ya wale wawili alizoea kuyapita kama mtu anavyopita mbwa aliyelala.

Jumatano mchana kengele ikalia, Kitinda akafunua, akajiandaa kusubiri. Mtandao ukashika papo hapo. Akapokea. Alikuwa mama mmoja aliyetaka kujua kama tarehe ya kwenye kopo la maziwa imepita. Ikaisha. Akafunika. Mpigaji mwingine, akafunua, papo hapo tena.

Mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Kitinda alishukuru akaangalia. Nini kimebadilika? Meza palepale. Dirisha vilevile. Kupitia ukutani, kutoka sebuleni kwa kaka yake, ilikuja harufu ya nguo ya moto na mvuke. Halafu sauti za pacha kwa pamoja: "Mamaaa! Mtandao!"

Mama Pacha alikuwa anapiga pasi.

Akakumbuka Jumamosi, siku nyingine kompyuta ilipoamka vizuri bila sababu. Hata siku hiyo wale pacha walilia. Alisubiri harufu ya pasi iishe. Ilipokwisha, na vicheko vya katuni vikarudi nyuma ya ukuta, akaifunika kompyuta, akaifunua. Kiduara kikaanza kutafuta pa kutagia.

Akaenda mbele.

"Wifi yangu," alimwambia Mama Pacha, ambaye alikuwa anakunja mashati ya watu kwa kidevu na mikono miwili, "ukipiga pasi huwa unazima nini?"

"Nazima furaha ya watoto wa kaka yako." Mama Pacha aliachia kidevu. "Nachomoa ruta. Tundu la umeme ni moja. Nguo za watu zina haraka, katuni hazina."

"Na ruta yenu inaitwaje?"

Mama Pacha alimtazama kama aliyeulizwa jina la mwezi. "Mama Cheko, bila shaka. Mzaliwa wa kwanza angeipa jina gani? Hata herufi alihakikisha ni zilezile, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Alisema mama hawezi kubaki jina lake uani tu."

Kitinda alishika ukuta. Si kwa kizunguzungu. Alitaka kupima unene wake. Upande wa pili wa ukuta huo, hatua chache tu, ndipo ilipokuwa meza yake.

Zamu ilipokwisha Kitinda alirudi kibandani. Fundi Kioo alipoelezwa, alipiga kofi gotini. "Hiyo sijawahi kuiona! Sasa sikiliza. Mashine yako inajua jina, sura haijui. Ikiamka inaita, 'Mama Cheko!' Wanaitika wawili. Inamkimbilia mwenye sauti kubwa, wa nyuma ya ukuta. Inatoa ufunguo wake, unakataa. Inarudia, inakataliwa. Ikishaaibika vya kutosha ndipo inamsikia yule wa uani."

"Mbona kwenye orodha naona mmoja tu?"

"Jina moja, mstari mmoja. Mashine haina habari ya kugombana kwa ndugu." Akafuta mikono. "Dawa ni rahisi. Mmoja abadilishe jina la ruta yake."

Kitinda akatikisa kichwa taratibu. "Na nikipewa funguo zote mbili?"

"Jina moja, ufunguo mmoja. Ukiweka wa huyu, wa yule unafutika."

"Na funguo zenyewe zikifanana?"

Fundi Kioo akafungua mdomo, akaufunga, kisha akatabasamu upande mmoja. "Hapo haitajali ameitika nani. Itaingia popote. Lakini hiyo si kazi ya bisibisi, ndugu yangu. Na unajua wanavyosema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Usijitie katikati."

"Mimi naishi katikati," Kitinda alisema.

Hata hivyo alianza na lililo rahisi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jioni alimkuta Kaka Mkubwa akisugua masizi mikononi, akamweleza habari ya ruta mbili na ya kazi yake.

"Basi yeye abadilishe," alisema Kaka Mkubwa. "Mimi ndiye niliyemfanya mama aitwe mama. Kabla yangu alikuwa msichana tu."

Kinyozi, alipofikiwa, alikuwa anafua taulo za kazini. "Abadilishe yeye. Hii yangu ndiyo Mama Cheko mwenyewe, mama aliigusa kwa mikono yake. Yake ni mwigo."

"Nitafukuzwa kazi, kaka."

"Mwambie yeye hilo."

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema nikuambie wewe."

Kinyozi alikamua taulo kwa nguvu mpaka likalia.

Alhamisi mchana Kitinda alifanya jambo ambalo kwa mtu wa utulivu wake lilikuwa karibu na ujambazi. Aliwaomba wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waje kumsaidia kuhamisha kabati la mama. Hakuna aliyeambiwa kuwa mwenzake naye ameombwa. Kabati lilikuwa la mbao nzito, la watu wawili. Walipokutana mlangoni walitazamana kama wateja waliogombea kiti kimoja, lakini kumkatalia kitindamimba mbele ya kabati la mama hakukuwa rahisi. Wakashika, huyu huku, huyu huku.

"Mwambie ainue upande wake," Kaka Mkubwa alisema akihema.

"Mwambie nimeinua tangu jana," Kinyozi alisema.

"Mwambie basi asivute!"

"Mwambie mimi sivuti, kabati ndilo linamkimbia yeye!"

Mama Pacha alikuja kusimama mlangoni, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Kabati lilikuwa bado halijafika linakokwenda pale simu ndogo ya vitufe ilipolia kengele.

Kitinda aliwaacha wameegemea kabati. Akakaa, akafunua kompyuta. Kioo kikawaka. Kiduara kikaanza. Kengele ikalia.

"Pokea basi," Kaka Mkubwa alisema.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Si imewaka?"

"Inabisha hodi kwako, kaka. Haifunguliwi."

Kengele ikalia. Kinyozi alisogea, akainama kutazama kiduara kwa macho ya mtu anayechunguza kichwa chenye mba. Kaka Mkubwa naye akasogea. Kengele ikalia. Wote wanne, pamoja na Mama Pacha, wakawa wanakitazama kiduara kile, na chumba hakikuwa na sauti nyingine. Kengele ikalia tena, kisha haikulia.

Muda kidogo baadaye mtandao ukashika. Neno moja likajitokeza katikati ya kioo: *Amekata.*

"Alikuwa anataka nini?" Kaka Mkubwa aliuliza.

"Sijui, kaka."

"Lakini kwa kukisia?"

"Labda kusoma karatasi ya shule ya mwanawe. Labda jiko limewaka au limezimika, hajui. Labda kajikata anataka kujua damu ni nyingi kiasi gani. Mimi sijui, na sasa sitajua." Hakupandisha sauti. "Tangu zamu ianze huyu ni wa tatu."

Kinyozi akakuna shingo. "Basi… nibadilishe jina," alisema, kwa uzito wa mtu anayeng'olewa jino.

"Sitaki jina la yeyote libadilike," Kitinda alisema. "Mama awe huku, awe na kule. Mnachotakiwa ni kuwa na ufunguo mmoja. Neno la siri lifanane, basi. Kaka, lako ni lipi? Niliandike, tuone kama litatufaa wote."

Hapo yakatokea mambo ya ajabu. Kaka Mkubwa, mwanamume anayechomelea chuma bila kupepesa, akatazama dari. Kinyozi, mtu wa maneno tangu kuzaliwa, akaanza kuchunguza bawaba ya kabati.

"Nitaweka jipya mwenyewe," Kaka Mkubwa alisema.

"Nami nitaweka jipya," Kinyozi alisema.

"Nilitaje mimi?" Mama Pacha aliuliza kutoka mlangoni.

"Usilitaje!"

"*Kitanda kiko wapi*," Mama Pacha alilitaja. "Bila nafasi, herufi ndogo zote. Hata wanangu wanaliimba."

Kinyozi alinyooka. Uso wake ulipita hasira, ukapita kicheko, haukusimama kwenye lolote. "Langu nalo," alisema, safari hii akimtazama kaka yake usoni, "ni *hukumgeuza*."

Kicheko cha Mama Pacha kilikatika. Kitinda aliyekuwa ameliandika neno hilo mara ngapi kwenye kompyuta yake, akidhani linahusu mteja fulani wa Kinyozi aliyekataa kugeuza kichwa, sasa ndipo alipolielewa.

Kaka Mkubwa alikaa kwenye ukingo wa godoro. Aliitazama mikono yake, migumu, yenye vidoa vya cheche.

"Kila nilipomshika alilia," alisema. "Ulikuwa hujui? Siku ile ulipokwenda kuchukua dawa nilijaribu. Akalia kama mtoto. Nikasema mikono hii ni ya chuma, si ya mama. Nikabaki nanunua dawa." Akaificha mikono mapajani. "Kitanda sikukataa kitolewe. Yule jirani angenyimwa na nani? Mimi nilikataa kufungua mlango nikakuta sakafu."

"Ilinipasa nikuulize," Kinyozi alisema. "Nilikuwa nimechoka, kaka. Nilitaka tu kitoke machoni."

Neno *kaka* lilipita hewani likamfikia mwenyewe bila kupitia kwa mtu. Wote walilisikia, na wote wakajifanya hawakulisikia, maana lingeweza kuruka.

"Haya," Mama Pacha alisema, "na hilo kabati mtalikumbatia mpaka lini?"

Wakalimalizia. Kisha Kitinda akaenda sebuleni na simu ya Kaka Mkubwa, akaenda uani na ya Kinyozi, akifuata hatua ambazo Fundi Kioo alimwelekeza. Neno la siri hakumwachia mtu alichague. Kila jina la mama, kila tarehe, kila methali ingezua kesi. Akaandika neno lisilo na upande wowote: *kabatilimehama*. Akairudia kompyuta, akaisahaulisha mtandao wa Mama Cheko, akaifundisha upya.

Akaifunika. Wakasubiri ilale.

Kaka Mkubwa ndiye aliyeifunua, kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua chungu cha moto. Kioo kikawaka. Kiduara hakikupata hata nafasi ya kuzunguka.

"Rudia," alisema Kinyozi.

Kaka Mkubwa akafunika, akafunua. Ikashika. "Ameitika yupi?" akauliza.

"Haijalishi," Kitinda alisema.

"Najua haijalishi. Nauliza tu."

"Lazima ni wangu," alisema Kinyozi.

"Wangu ndio uko karibu!"

"Tokeni," Kitinda alisema. "Niko kazini."

Ijumaa kengele ya kwanza ililia mapema, chakula cha mchana kikiwa bado mdomoni. Kitinda alifunua akapokea kabla hajameza. Mpigaji alikuwa kijana asiyemfahamu, na sauti yake ilikuwa imejiandaa kukata tamaa.

"Haloo? Mmepokea?" alisema. "Niliambiwa mchana hampatikani. Nimepiga basi tu."

"Tunapatikana. Nikutazamie nini?"

"Naenda kuongea na mtu habari ya kazi. Naomba unitazame mimi mwenyewe. Wa nyumbani kwangu ni wapole mno, watasema nimependeza hata nikivaa gunia."

Alinyoosha simu mbele yake. Kitinda hakuharakisha. Alimtazama kuanzia juu, kwa utulivu uleule ambao zamani uliitwa uzito.

"Kola imekunjika ndani upande wa kulia. Vizuri. Vifungo umeruka kimoja, fungua, anza upya kuanzia cha chini. Hapo. Chini ya sikio la kushoto kuna ndevu chache zimekukimbia. Shuka kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo. Shati ni safi, halina doa. Viatu nionyeshe. Vinafanana, rangi moja."

"Na uso?"

"Uso una wasiwasi. Lakini si vibaya, anayekuhoji ataona unaitaka kazi."

Kijana alicheka, na kicheko kikamnyoosha uso. "Hapo sasa," Kitinda alisema, "ondoka nao huo huo kabla haujaharibika."

Mchana ukaenda hivyo, kengele baada ya kengele, na hakuna iliyochoka ikilia. Mara mbili Mama Pacha alipiga pasi. Mara mbili pacha walilalamika. Kompyuta haikutikisika, ilihamia kwa yule wa uani ikaendelea. Jioni, jua likiwa limefika ukutani, simu ya msimamizi ikaingia. Kitinda aliipokea akiwa amesimama.

"Tumetoka kikaoni sasa hivi," msimamizi alisema. "Nimewaambia wenzangu watazame ya leo kabla ya kutazama ya juzi. Wengine walitaka tukuondoe, wengine tusubiri. Tumekubaliana unabaki. Si mkataba bado, mdogo wangu, nisikudanganye. Lakini zamu ya mchana ni yako, na mwezi ujao tunakujaribu na ya asubuhi. Hivi uliifanya nini hiyo mashine? Uliitishia?"

Kutoka uani ilisikika sauti ya Kinyozi ikiuliza kwa kelele nani kafunga bomba, na kutoka mbele sauti ya Kaka Mkubwa ikijibu kwa kelele vilevile kuwa aliyefunga ana akili. Zilipita moja kwa moja, juu ya kichwa chake.

"Hapana, dada. Niliwaomba watu wahamishe kabati."

"Wahamishe nini?"

Lakini kengele ilikuwa imeanza kulia katikati ya maneno, ndani ya sikio la Kitinda.

"Pokea, pokea," msimamizi alisema. "Mimi si asiyeona, nitasubiri."

Kitinda alikaa, akafunua kompyuta. Kioo kikawaka, na nyuma yake uso wa mwanamke mtu mzima ukajitokeza, umeegemea karibu mno na kamera, ukisikiliza.

"Karibu, mama," Kitinda alisema. "Rudi nyuma kidogo. Hapo nakuona."